Nyumba ya kale tumeipenda, lakini ukuta unatoa unga mweupe: tuikodi au tuiache?

Mshauri, shikamoo.

Tumehamishiwa kikazi katika mji mdogo wa kale, wa vichochoro na nyumba za mawe zilizojengwa kwa chokaa. Tuko wanne: mimi, mume wangu na watoto wawili, na mdogo ana pumu. Tumepata nyumba ya ghorofa moja yenye kuta nene karibu nusu mita. Kodi tunaimudu, na mwenyewe ni mzee muungwana. Tatizo ni sebule ya chini. Kuta mbili zimelowa kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno. Rangi inatoka magamba, na chini yake kuna unga mweupe unaorudi kila ukifagiwa. Lipu ya saruji ilipigwa miaka mitatu iliyopita, na sasa ukiigonga inatoa mlio wa uvungu. Huko juu, sakafu ya mbao inatikisika mtu akipita, nasi ndiko tulikotaka kuweka tangi la maji la lita 500.

Mwenye nyumba anapendekeza hivi: tulipe kodi ya mwaka mzima mbele, tubomoe lipu hiyo, tupige nyingine ya saruji yenye dawa ya kuzuia maji, kisha nusu ya gharama tuikate kwenye kodi ya mwaka wa pili. Jirani naye anasema mtaa wote uko chini ya hifadhi na hata kubadili dirisha ni mpaka upate kibali. Mkataba tuliopewa una ukurasa mmoja, na kuhusu matengenezo unasema tu kwamba "mpangaji ataitunza nyumba". Tukubali, tukatae, au kuna njia ya kati? Na kabati letu kubwa la nguo litapita kwenye zile ngazi?

Mama wa Wawili

*

Marahaba, Mama wa Wawili, na poleni na pilikapilika za kuhama.

Unga huo peke yake si sababu ya kuiacha nyumba. Ila mkataba huo msiusaini kama ulivyo, na lipu ya saruji msiikubali hata mzee akisema atalipia yote. Mkielewa ukuta huo unavyofanya kazi mtaweza kuzungumza naye bila kugombana, kwa hiyo tuanze na ukuta.

Ukuta wa mawe na chokaa hunywa unyevu kidogo kidogo na kuutoa hewani kupitia uso wake. Walioujenga hawakuwa na nia ya kuyafungia maji nje kabisa, na saruji ya leo hawakuwa nayo: hati miliki ya saruji ya Portland ilitolewa Uingereza mwaka 1824. Kama nyumba ina umri zaidi ya huo, kila palipo na saruji pamewekwa baadaye. Ni rahisi kuijua. Chukua msumari ukwaruze mahali pasipoonekana. Chokaa huacha mfereji na unga laini. Saruji hukwaruzika kwa shida na kuacha alama ya kijivu.

Unga mweupe ni chumvi. Maji ya ardhini hupanda ndani ya ukuta kupitia vitundu vidogo sana, yakibeba chumvi za udongo na za mawe yenyewe. Yakifika usoni hukauka, na chumvi hubaki ikiwa fuwele. Fuwele zikikua ndani ya vitundu husukuma na kumega kilicho mbele yake. Lipu ya chokaa ni laini, hivyo humegeka yenyewe polepole na jiwe hubaki zima. Baada ya miaka unapiga nyingine. Saruji ni ngumu na inaziba. Maji yakikosa pa kutokea hupanda juu zaidi kutafuta njia, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, na lipu inaachana na jiwe. Huo ndio mlio wa uvungu mnaousikia. Dawa ya kuzuia maji inaongeza kuziba tu. Mkiipiga, ukuta utapendeza kwa muda, kisha unyevu ulioko kiunoni mtaukuta begani. Na siku lipu hiyo itakapobomolewa itaondoka na nyama ya jiwe.

Lakini kabla ya kutibu, hakikisheni maji yanatoka wapi, kwa sababu unyevu wa chini ya ukuta una vyanzo zaidi ya kimoja na tiba zake ni tofauti. Unyevu unaopanda kutoka ardhini huishia kwenye mstari wa takriban mlalo, mara nyingi chini ya mita moja na nusu, na chumvi huonekana zaidi kwenye mstari huo. Maji ya paa au ya gata iliyotoboka huacha doa refu la kushuka, pana juu au nyuma ya bomba la kushushia maji. Jasho la hewa ya ndani huleta ukungu mweusi kwenye pembe na nyuma ya makabati, kwa kawaida bila chumvi. Kwa kupima, bandika kipande cha foili cha sentimita 30 kwa 30 ukutani, uzibe pande zote nne kwa utepe wa gundi, uache siku mbili. Matone yakitokea upande wa chumbani, hewa ndiyo yenye maji. Yakitokea upande wa ukuta, unyevu unatoka ukutani.

Kisha tokeni nje mkaangalie kichochoro. Hapa ndipo wengi hawaangalii, na kwa nyumba kama yenu ndipo ninapopatilia shaka zaidi. Katika miji ya kale njia hutandikwa mawe juu ya mawe, lami juu ya mawe, kizazi baada ya kizazi, hadi usawa wa nje unapita sakafu ya ndani. Pimeni: ardhi ya nje inatakiwa iwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 au zaidi. Ikiwa iko sawa au juu, kila mvua inanywesha ukuta huo moja kwa moja, na hakuna lipu duniani itakayouponya. Tazameni pia kama mguu wa ukuta kwa nje umekandikwa saruji, kama mtaro umeziba, na kama maji ya bafu ya jirani yanaishia hapo. Mwageni ndoo mbili za maji karibu na ukuta mwone yanakimbilia wapi. Mkiweza, rudini siku ya mvua kubwa mkasimame nje dakika kumi mkiitazama gata.

Tiba yenyewe ina mpangilio, na mpangilio huo ukivurugwa pesa zinapotea. Kwanza maji yakatwe kwenye chanzo: gata, bomba, mtaro, usawa wa kichochoro. Pili, lipu ya saruji ibomolewe hadi sentimita 30 hadi 50 juu ya mstari wa unyevu, kwa tindo na nyundo ndogo, si kwa mashine ya kutikisa. Chumvi iondolewe kwa brashi kavu na kuzolewa. Msiioshe kwa maji, maana itayeyuka na kurudi ndani. Tatu, ukuta uachwe wazi ukauke. Kipimo cha mafundi ni takriban mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, hali ya hewa ikiwa nzuri, kwa hiyo ukuta wa nusu mita unaweza kuhitaji mwaka mmoja hadi miwili. Hilo mzee hatalipenda, na ndiyo sababu kubwa ya watu kukimbilia saruji. Mkaeni chumba kingine, sebule iwe na hewa, na kila mwezi mchore mstari wa penseli kwenye ukomo wa unyevu na kuandika tarehe pembeni. Mstari ukishuka, tiba imeshika.

Baada ya hapo ndipo fundi apige lipu ya chokaa: sehemu 1 ya chokaa iliyozimwa, ikiwa uji mzito, kwa sehemu 3 za mchanga mkali wenye chembe za ukubwa mchanganyiko. Mchanga uoshwe kwa maji yasiyo ya chumvi, na wa baharini usitumike. Ukuta unyunyiziwe maji kabla. Kila tabaka lisizidi kama milimita 10, na lingine lisiwekwe hadi la kwanza likomae kiasi kwamba ukucha unakwaruza lakini kidole gumba hakiachi shimo. Likikauka haraka litapasuka, kwa hiyo litundikiwe magunia mabichi kwa siku kadhaa na jua lisilipige. Chokaa hugandia kwa kunywa hewa ya ukaa kutoka hewani, na kazi hiyo inahitaji muda pamoja na unyevunyevu. Rangi iwe chokaa iliyoyeyushwa mpaka iwe nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano myembamba, siku moja kati ya mkono na mkono. Rangi ya plastiki juu ya lipu ya chokaa inarudisha tatizo lile lile la kuziba. Fundi akisema ataongeza "saruji kidogo tu ili ikaze", mkatalieni. Akiwa anazima chokaa mwenyewe, watoto wasikaribie: chokaa ndiyo inayotiwa kwenye maji kidogo kidogo, si maji kumwagiwa chokaa, kwa sababu huchemka na kurusha. Miwani na glavu ni lazima, na ikiingia jichoni, jicho lioshwe papo hapo kwa maji mengi safi, kisha hospitali.

Kuna jambo linalowashangaza wapangaji. Hata maji ya ardhini yakikatwa, chumvi iliyobaki ndani ya ukuta huvuta maji kutoka hewani. Chumvi ya kawaida huanza kufanya hivyo unyevu wa hewa unapofikia takriban asilimia 75. Kwa hiyo siku za mawingu mazito ukuta unaweza kutota upya bila tone kupanda. Msidhani mmetapeliwa. Pigeni brashi kavu, fungueni madirisha, na lipu ya kwanza mwihesabu kuwa ya kunyonya chumvi, ambayo huenda ikabadilishwa baada ya miaka michache.

Kuhusu mtoto mwenye pumu, asilale chini, hata kwa wiki chache za mwanzo. Chumvi haina shida na pumu kama ukungu ulivyo na shida, na ukungu hufuata unyevu. Chumba chake kiwe juu, chenye madirisha ya pande mbili ikiwezekana, na kitanda na kabati vikae sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani ili hewa ipite. Nguo zikauke nje au juu ya paa, kwa maana mfuo mmoja wa nguo mbichi unaweza kuachia lita mbili za maji ndani ya nyumba. Wakati wa kubomoa lipu, mtoto asiwepo nyumbani kabisa: vumbi la saruji na la mawe ni baya kwa mapafu ya kila mtu, seuze ya mwenye pumu.

Sakafu ya juu sasa. Kutikisika kidogo ni kawaida kwa sakafu ya mbao, na peke yake hakuna maana ya kuanguka. Kinachotisha ni ncha za boriti zilipoingia ukutani, kwa sababu hapo ndipo mbao hunywa maji ya ukuta. Kuvu wanaoozesha mbao huhitaji unyevu wa zaidi ya asilimia 20 ndani ya mbao, na ncha iliyofukiwa kwenye ukuta uliolowa hufika huko bila taabu. Chukueni bisibisi mkabonyeze kila boriti karibu na ukuta. Mbao nzima inakataa. Iliyooza inapokea bisibisi kama sentimita moja bila nguvu. Kuhusu dumuzi, tandazeni karatasi nyeusi chini ya matundu, mrudi baada ya wiki. Unga mpya ukionekana, wamo. Njia za udongo za mchwa zivunjeni sehemu ndogo mkatazame kama zinajengwa upya.

Tangi la lita 500 huko juu, hapana. Maji peke yake ni kilo 500, sawa na watu wazima saba waliosimama usiku na mchana kwenye eneo dogo kuliko mkeka wa mtu mmoja. Kanuni nyingi za leo hukadiria sakafu ya nyumba ya kuishi ibebe takriban kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba, na boriti zenu hakuna aliyezikokotolea. Liwekeni chini, juu ya jukwaa kavu lililo mbali na zile kuta mbili, na pampu ndogo ipandishe maji. Vitu vizito vingine, kama kabati la vitabu, viwekeni kando ya ukuta na vikalie boriti kadhaa kwa pamoja, visikae katikati ya chumba.

Umeme nisiurefushe: mwombeni fundi mwenye leseni aukague kabla ya kusaini. Waya zenye gamba la mpira au kitambaa zing'olewe zote. Pawepo swichi ya kukata umeme unapovuja, ya miliamperi 30, yenye kitufe cha kujaribia. Bonyezeni mbele ya mzee mwone kama inakata. Kwenye vichochoro gari la zimamoto mara nyingi halifiki mlangoni, kwa hiyo king'ora cha moshi kila ghorofa na kizimamoto jikoni ni vya lazima.

Jirani yenu huenda anasema kweli. Jengo linaweza kulindwa lenyewe, au likalindwa kwa kuwa limo ndani ya eneo la hifadhi, na masharti ya hali hizo mbili hayalingani. Hata mji ulioorodheshwa chini ya Mkataba wa Urithi wa Dunia wa 1972 hubaki chini ya sheria za nchi yake, na vibali hutolewa na mamlaka za nchi hiyo. Nendeni ofisi ya uhifadhi au ya mipango miji ya hapo na anwani ya nyumba, muulize maswali matatu kwa maandishi: jengo lina daraja gani, kazi zipi hazihitaji kibali, na nani anatakiwa kuomba. Mara nyingi lipu ya ndani kwa chokaa ni matengenezo ya kawaida, wakati madirisha, milango, paa, tangi la juu ya paa, dishi na mashine ya kiyoyozi upande wa kichochoroni ndivyo vinavyoulizwa zaidi. Msidhani ofisi hiyo ni adui wa wapangaji. Mkataba wa Venice wa 1964, unaoongoza wahifadhi wengi, unasema wazi kwamba uhifadhi wa jengo hurahisishwa na kutumika kwake kwa jambo lenye manufaa kwa jamii, na familia yenye watoto kuishi humo ni matumizi ya aina hiyo hasa. Aghalabu ofisi hizo pia zinawajua mafundi wa chokaa waliobaki mjini.

Turudi kwenye mkataba. Maneno "ataitunza nyumba" ni ya hatari, kwa maana siku paa likivuja au ofisi ikiamuru dirisha lirudishwe lilivyokuwa, yanaweza kusomwa dhidi yenu. Njia ya kati ipo, na ni hii. Iandikwe kwamba kuta, paa, sakafu, mifumo ya maji na umeme na vibali vyote ni vya mwenye nyumba. Nyinyi mnabeba usafi, kupitisha hewa, na kumwarifu kwa maandishi ndani ya siku mbili mnapoona maji yakivuja. Kama mtatanguliza pesa za ukarabati, mkataba utaje ukuta upi, mita za mraba ngapi, vifaa gani, na useme kwa herufi kwamba saruji na rangi ya plastiki havitatumika. Gharama ikadiriwe na fundi kabla, na ikatwe yote, si nusu, kwa sababu ukuta unabaki kuwa wake. Makato yaanze mwezi unaofuata baada ya risiti kukabidhiwa. Kungoja mwaka wa pili ni kumkopesha bila dhamana. Na iandikwe kwamba nyumba ikiuzwa, au mkitolewa mapema, salio la pesa zenu linalipwa siku hiyo hiyo.

Kodi ya mwaka mzima mbele isilipwe kabla chanzo cha maji hakijakatwa. Pendekezeni miezi mitatu mitatu, na sebule ya chini itolewe kwenye hesabu ya kodi hadi ikauke. Siku ya kukabidhiwa, pigeni picha kila ukuta, futi ya kupimia ikionekana kwenye picha, na nyote mzisaini.

Kuna kifungu kimoja zaidi cha kukidai bila haya. Miji ya kale inavutia wageni, na mwenye nyumba huweza kuona kulaza watalii usiku kwa usiku kunalipa kuliko nyinyi. Venice ya kale ilikuwa na wakazi takriban 175,000 mwaka 1951; leo hawafiki 50,000, na nyumba kugeuzwa malazi ya wageni ni moja ya sababu zinazotajwa. Mkataba wenu uwe wa muda maalumu, miaka miwili au mitatu, usio na ruhusa ya kuwatoa kwa sababu ya msimu. Mkitumia mikono na pesa zenu kuukausha ukuta wa mtu, mna haki ya kuukalia ukiwa mkavu.

Kabati: pimeni upana wa ngazi mahali palipobana zaidi, urefu kutoka kidato hadi dari hapo hapo, na kina cha kona. Kisha pimeni kabati kwa mshazari, kutoka pembe ya chini hadi pembe ya juu ya upande wa pili, kwa kuwa hilo ndilo linalokwama mkiliinamisha. Likizidi, lifungueni vipande na mwandike namba kwa chaki kwenye kila kipande. Fremu ya mlango au dirisha ising'olewe ili lipite, hata kwa saa moja. Hiyo ni kazi ya kuombea kibali. Likifika juu, lisimame kwenye ukuta wa ndani uliokauka, miguu yake ikikalia boriti zaidi ya moja.